Plasta za Alhamisi

Ujumbe wa Baraza la Madaktari uliingia Jumanne tarehe ishirini, saa nne na dakika kumi asubuhi, daktari wa usingizi akiwa ananawa mikono kati ya mgonjwa wa pili na wa tatu. Aliusoma baada ya mgonjwa wa tatu kuamka. Ulikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilisema kuwa ombi lake la kuhuisha leseni halikukubaliwa, kwa kuwa katika miaka mitatu alikuwa amekusanya alama thelathini na moja za mafunzo endelevu, na kanuni zinataka tisini. Ya pili ilimkumbusha kwamba leseni aliyonayo inakwisha Ijumaa tarehe thelathini, na kwamba baada ya hapo kumtibu mtu yeyote ni kosa la jinai, lake yeye na la hospitali itakayomruhusu.

Aliusoma tena polepole, kama anavyosoma kipimo kwenye chupa ya dawa asiyoizoea. Tisini kutoa thelathini na moja ni hamsini na tisa. Hesabu ya Baraza haikuwa na kosa. Kosa, kama lilikuwepo, lilikuwa ndani ya ile thelathini na moja.

Hospitalini walimwita Mama Usingizi. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mfupi, mtu asiyepandisha sauti, na hapakuwa na daktari mwingine wa usingizi pale. Kila Alhamisi saa moja asubuhi alifundisha kwa saa nzima katika chumba kidogo cha mikutano, mbele ya madaktari wapya wa mazoezi, wauguzi wa chumba cha upasuaji, na mara nyingi daktari wa upasuaji mwenyewe. Alikuwa akifanya hivyo tangu zamani, kabla sheria haijawalazimisha madaktari kuhesabiwa wanachojifunza. Sheria ilipokuja, wasikilizaji wake walianza kupata alama kwa kumsikiliza. Yeye aliendelea kufundisha.

Alikuwa na desturi moja. Kabla ya kipindi alikata kipande cha plasta nyeupe, urefu wa shibiri, akaandika mada na tarehe, akakibandika kwenye mlango wa kabati la vifaa vya mafunzo, stoo. Sista, mkuu wa wauguzi wa chumba cha upasuaji, alikisoma na kuandaa vifaa vya mada hiyo kwenye sinia. Kipindi kikiisha, Sista alihesabu vifaa vilivyorudi, akaandika idadi pembeni mwa plasta ileile, na kuweka saini fupi. Desturi hiyo ilitokana na kazi yenyewe: bomba la sindano lenye dawa lakini lisilo na jina na tarehe humwagwa, hata aliyelijaza akiapa kwa mama yake. Plasta za zamani hakuna aliyezibandua tangu kabati hilo liletwe, miaka mitatu nyuma. Ziliongezeka juu ya mlango, moja ikilalia nyingine, na watu wakaacha kuziona.

Alasiri hiyo alikwenda masjala.

Masjala ilikuwa chumba chembamba mwisho wa ukumbi, makabati ya chuma pande mbili, meza moja, na dirisha lililofunguka nusu. Karani wake alikuwa dada wa mume wa daktari. Nyumbani, utani kati ya mawifi hawa ulikuwa haujapumzika tangu siku ya harusi. Kazini karani alimtendea wifi yake kama alivyowatendea watu wote, yaani kwa mashaka.

"Wifi, nina alama thelathini na moja," alisema daktari.

"Najua."

"Unajua?"

"Si mimi ninayezituma? Kila robo mwaka natuma za watu wote. Zako huwa mstari mfupi."

"Na hukuniambia."

"Nilikuambia mwaka juzi, kwako, siku watoto wamefunga shule. Ukasema kuna mtu damu inamwagika, ukaondoka na funguo zangu. Mpaka leo."

Hilo lilikuwa kweli, hata la funguo.

Karani alifungua daftari la mahudhurio juu ya meza. Kila Alhamisi ilikuwa na ukurasa wake: tarehe, mada, kisha majina na saini. Mstari wa kwanza wa kila ukurasa ulikuwa mtupu.

"Huu ni wa nani?" daktari aliuliza, ingawa alishaanza kuelewa.

"Wako. Mtoa mada anasaini juu. Nimekuachia kila wiki, kurasa mia moja na kumi na saba. Wewe ukiingia unaanza kusema, ukimaliza unakimbilia mgonjwa. Nikufukuze na daftari ukumbini?"

"Ungenisainia."

Karani alivua miwani. "Mimi. Wifi yako. Nikusainie wewe."

"Nilikuwepo."

"Ulikuwepo, na paka wa jikoni alikuwepo. Kanuni haisemi aliyekuwepo, inasema aliyesaini."

Daktari aligeuza kurasa. Chini ya neno *Mada*, kwenye ukurasa wa kwanza, palikuwa na maneno mawili kwa mwandiko wa wifi yake: Kama kawaida. Ukurasa wa pili: Kama kawaida. Alifungua katikati, akafungua karibu na mwisho.

"Alhamisi ya kwanza nilikuuliza mada," alisema karani. "Ukaniambia niandike kama kawaida. Wiki ya pili nikauliza, ukajibu hivyohivyo. Wiki ya tatu sikukusumbua."

"Wifi."

"Naam. Mganga hajigangi, walisema wenyewe zamani."

Walisoma kanuni pamoja, vichwa viwili juu ya karatasi moja. Mtoa mada hupata alama mbili kwa kila mada mpya. Mada iliyorudiwa haihesabiwi. Alama za kufundisha haziwezi kuzidi sitini, hata mtu akifundisha mpaka sauti imkauke. Asiyesaini anaweza kuomba ahesabiwe kama ana maandishi ya siku ileile ya kipindi, yanayotaja mada, na yaliyotunzwa na mtu asiye na faida nayo.

"Sitini na thelathini na moja ni tisini na moja," alisema daktari. "Ninahitaji mada thelathini tofauti."

"Umefundisha ngapi?"

"Nyingi."

"Nyingi si namba," alisema karani, akafunga daftari.

Jumatano alikuwa na mgonjwa wa kumpima kabla ya upasuaji wa Jumatatu ya tarehe tatu. Alikuwa fundi cherehani mwenye rovu lililoanza kama limau na sasa lilijaza shingo kutoka sikio hadi sikio. Picha yake ya eksirei ilionyesha njia ya hewa imesukumwa kando na kubanwa, imebaki na upana wa penseli. Mtu wa namna hiyo hapewi usingizi kwanza. Mrija wa kupumulia huingizwa akiwa macho, koo limetiwa ganzi, taratibu, na anayeuingiza awe ameshafanya hivyo mara nyingi. Katika hospitali ile mtu huyo alikuwa mmoja. Mahali pengine palipokuwa na mwingine ni hospitali kubwa, mwendo wa siku nzima, na foleni yake ilikuwa ya miezi mitano.

"Unalalaje?" daktari aliuliza.

"Nakaa. Nikilala chali nazama. Mume wangu anasema ameoa mlinzi wa usiku."

"Kumeza?"

"Uji unapita. Ugomvi haupiti." Fundi alinyoosha mkono, akashika ukosi wa koti jeupe la daktari na kuugeuza. "Hii kola ilishonwa na mtu mwenye hasira. Tazama, upande mmoja umevutwa."

"Nitakuletea uishone upya ukipona."

"Jumatatu ni wewe utakayenilaza?"

Daktari aliandika vipimo vyake mpaka mwisho wa mstari kabla ya kujibu. "Nitakuambia Ijumaa."

"Mimi mteja nikimwambia nitakuambia Ijumaa, ujue kitambaa kimeungua pasi."

Daktari alimshika fundi bega kidogo, akatoka.

Daktari wa upasuaji, mwanamume mrefu mwenye haraka hata akiwa amekaa, alimsubiri nje ya mlango. Habari za masjala zilishamfikia, kwa kuwa habari za masjala hazina mlango.

"Nimesikia nafasi ipo," alisema kwa sauti ya chini. "Mstari wa kwanza, kurasa zote. Kaa jioni moja na kalamu, saini. Nilikuona ukifundisha. Nusu ya hospitali ilikuona. Utakuwa hukumdanganya mtu."

"Nitakuwa nimedanganya tarehe."

"Tarehe haina ndugu."

"Saini mia moja na kumi na saba kwa wino mmoja. Mtu wa Baraza akiuliza zimewekwa lini, nitamjibu nini?"

"Hawatauliza."

"Wewe ukiacha pamba tumboni, huwa unasema hawatauliza?"

Daktari wa upasuaji akasema, kwa upole kuliko mwanzo, "Nifute orodha ya Jumatatu?"

"Usiifute. Usiithibitishe pia."

Jioni mume wake alikuwa ametandaza ramani juu ya meza ya chakula na kuzibana kwa vikombe. Alikuwa mpima ardhi, mtu wa maneno machache na penseli nyingi. Daktari alisogeza kikombe kimoja, akakaa.

"Dada yako ameninyonga."

"Kwa kamba ya nani?"

"Yangu."

"Basi mimi simo. Mpaka kati ya mke na dada sipimi, hata nikilipwa posho."

Alimweleza yote hata hivyo, na alisikiliza huku akichonga penseli. Alipomaliza, mume alipuliza vumbi la penseli kutoka kwenye ramani.

"Hati ya shamba ikiungua, sisi hatukai kulilia hati," alisema. "Tunakwenda shambani kutafuta jiwe. Aliyepima zamani aliacha jiwe kwenye kona. Linaweza kuwa limefunikwa na majani, limeegemea upande, lakini lipo."

"Mimi sipimi mashamba. Mimi huacha nini?"

"Nitajuaje? Ninachojua, kila Alhamisi unarudi na plasta kwenye mkono wa blauzi. Nilishabandua tatu kwenye mashine ya kufulia."

Daktari akarudisha kikombe alichokisogeza mahali pake juu ya ramani, kwa uangalifu, na kuuliza kama bado kuna chai.

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi alifungua stoo akiwa na kipande cha plasta cha siku hiyo kwenye kidole. Mlango wa kabati ulikuwa umepakwa rangi ya samawati. Ulikuwa laini, wa kung'aa, na hapakuwa na plasta hata moja. Harufu ya rangi ilikuwa bado mbichi.

Alisimama pale, kidole juu. Hakulia, kwa kuwa hakuwa mtu wa kulia saa za kazi. Akakaa juu ya katoni ya dripu.

Sista aliingia na funguo zake shingoni. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mpana, na viatu vyake havikuwahi kusikika.

"Umeugua?"

"Zilikwenda wapi?"

"Nini?"

"Plasta."

"Ah. Wakaguzi wa usafi walikuja Ijumaa. Wakasema mlango huo ni kiota cha vijidudu. Sikubishana, walisema kweli. Jumamosi tukaupaka rangi."

"Ukazitupa."

Sista alimtazama kama mtu aliyeambiwa amesahau mkasi ndani ya mgonjwa. "Nani katupa? Mimi? Katika chumba changu kimeshatoka kitu bila hesabu?"

Aliinama, akavuta droo ya chini, akatoa bahasha kubwa ya kahawia ya picha za eksirei. Ndani yake mlikuwa na filamu saba za zamani, vifua na magoti ya watu waliokwisha kupona, na juu ya filamu hizo plasta zilikuwa zimepangwa kwa tarehe, safu baada ya safu, zimenyooshwa.

"Kwenye karatasi zingechanika," alisema Sista. "Filamu inashika, na ukitaka kubandua inaachia. Saini yangu imo katika kila moja. Siku nikiulizwa vilirudi vifaa vingapi, nijibu nini, kwamba jibu limepakwa rangi?"

Nje ya bahasha, kwa kalamu nene, palikuwa na maandishi: *Plasta za mlangoni. Zilizobanduliwa 117. Zilizowekwa humu 117.* Chini yake saini na tarehe.

Daktari aliinua filamu ya kwanza kuelekea dirishani. *Mrija usioingia. Vilitoka 9, vilirudi 9.* Wiki iliyofuata: *Mama mjamzito, ganzi ya mgongo.* Wiki nyingine: *Mtoto chini ya kilo kumi.* Aliona mwandiko wake mwenyewe, wa harakaharaka lakini wa kusomeka, na pembeni takwimu za Sista. Pumzi aliyokuwa ameishika tangu Jumanne ilitoka, ndefu, na akaona aibu kidogo kwa urefu wake.

"Unajua umefanya nini?" aliuliza.

"Nimehesabu," alisema Sista. "Watu wanakusubiri. Na hiyo plasta usiibandike kwenye mlango wangu mpya."

Katika chumba cha mikutano watu kumi na mmoja walikuwa wameshakaa. Daktari hakuanza kusema. Alikwenda kwenye meza ya pembeni, akavuta daftari, akaandika mada yote kwa maneno matano, akasaini mstari wa kwanza. Karani alimtazama akifanya hivyo. Alisogeza kopo la kalamu karibu, kama vile daktari angehitaji ya pili.

Mchana huo walituma barua kwa Baraza pamoja na picha za filamu zote saba. Jibu lilikuja Jumanne: afisa wa ukaguzi angefika Alhamisi tarehe ishirini na tisa, aone plasta zenyewe kwa macho yake.

Afisa huyo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, viatu bapa, mkoba mdogo, kalamu mbili. Alikataa chai. Alisema chai ni baada ya kazi, kwa namna iliyoonyesha kwamba ameshawahi kupewa chai kabla ya kazi. Alikaa karibu na dirisha, daftari kushoto, filamu kulia, na kuanza kulinganisha tarehe moja baada ya nyingine. Daktari aliketi upande wa pili wa meza. Hakukuwa na wagonjwa asubuhi hiyo, kwa hiyo hakuwa na la kufanya na mikono yake.

Kati ya plasta zote, mada tofauti zilikuwa thelathini na tatu. Daktari alikuwa amezihesabu mara nne.

"Hii," afisa alisema baada ya saa moja. "Hapa umeandika *Mrija usioingia*. Miezi minane baadaye, *Njia ya hewa ngumu*. Ni masomo mawili?"

Angeweza kujibu ndiyo. Hakuna mtu mwingine chumbani aliyejua tofauti, na tofauti ndogo ilikuwepo kweli: mifano ilikuwa mingine.

"Ni moja," alisema. "Madaktari wa mazoezi walikuwa wapya, nikabadilisha jina."

Afisa alikata moja. Thelathini na mbili.

Baadaye alipata plasta yenye tarehe kumi na nne ambayo kwenye daftari ilikuwa tarehe kumi na tano. Aliitazama pande zote mbili, akaikata. Thelathini na moja. Kisha akapata nyingine iliyomwagikiwa spiriti siku za nyuma. Takwimu za Sista zilisomeka, lakini mada ilikuwa wingu la buluu.

"Unakumbuka ilikuwa nini?"

"Nadhani ni dawa za kulegeza misuli."

"Unadhani."

"Nadhani."

Thelathini.

Saa sita na nusu afisa alifika ukurasa wa mwisho. Zilikuwa bado thelathini. Daktari alifahamu kwamba hakuna ya akiba hata moja.

"Daftari hili linatunzwa na nani?"

"Karani wa masjala."

"Ana uhusiano na wewe?"

"Ni wifi yangu."

Afisa aliweka kalamu chini. Nje, toroli la chakula lilipita na gurudumu lake bovu, na lilichukua muda mrefu kupita.

"Mwite," alisema.

Karani hakuwa mbali. Alikuwa nyuma ya mlango, na hakujisumbua kujifanya amefika sasa hivi.

"Mstari wa kwanza mtupu kurasa zote," afisa alisema. "Kwa nini?"

"Mwenyewe hakusaini."

"Ungeweza kumsainia. Ni wifi yako."

"Ningeweza pia kubeba magodoro ya wodini nikapeleka kwangu. Nayo yapo."

"Yeye aliwahi kukuomba?"

Karani alimtazama wifi yake. "Wiki iliyopita alisema ningemsainia. Nilivua miwani, akaacha."

"Mnaelewana nyumbani?"

"Vizuri sana. Ila funguo zangu hajarudisha, mwaka wa pili sasa."

Afisa alifungua daftari katikati, akapitisha kidole kwenye mstari mtupu, akafungua mahali pengine, akapitisha tena. Mdomo wake ulijikaza upande mmoja, kama wa mtu anayezuia kitu.

"Ndugu akitaka kukupendelea, hukupendelea kwa kalamu," alisema. "Hapa kalamu haijagusa. Sijawahi kuona daftari la ndugu lenye mashimo mengi namna hii." Aliandika mstari mmoja, kisha wa pili, akawa anausoma huku akiandika: tarehe za plasta zinalingana na za daftari, plasta zimesainiwa na kutunzwa na mkuu wa wauguzi wa chumba cha upasuaji, asiye na uhusiano wala faida, mada thelathini zimekubaliwa. "Sitini kwa kufundisha. Thelathini na moja ulizokuwa nazo. Tisini na moja."

"Tisini na moja," alirudia daktari.

"Leseni itaingia kwenye mfumo kesho kabla ya saa sita. Na tafadhali, daktari, neno *kama kawaida* lisirudi kwenye karatasi yoyote inayokuja kwangu."

"Halitarudi."

"Sasa naweza kunywa chai," alisema afisa, na karani, ambaye hakuwahi kumpikia mkaguzi chai katika maisha yake, alikwenda kuipika.

Leseni iliingia Ijumaa saa tano na dakika tatu asubuhi. Daktari aliifungua kwenye simu, akasoma jina lake, namba yake, tarehe ya kuanza na ya kwisha. Akairudia tarehe ya kwisha. Kisha akampigia daktari wa upasuaji, akasema maneno mawili: thibitisha orodha. Halafu akampigia fundi cherehani.

"Kitambaa hakijaungua," alisema.

Upande wa pili sauti nyembamba, iliyobanwa, ikasema, "Basi Jumatatu nakuja na sindano na uzi wangu."

Jioni hiyo alirudi nyumbani mapema, akapitia kwa wifi yake na kumkabidhi funguo, zilizopatikana ndani ya kopo la vifungo baada ya dakika tano za kutafuta, jambo ambalo karani aliahidi kulisimulia kwenye kila sherehe ya familia. Saa mbili usiku alikuwa amelala kitandani na viatu miguuni. Simu ilipolia, mume wake aliipokea kwa kunong'ona. "Mama Usingizi amelala," alisema. "Hapana, hajambo. Amelala tu. Piga kesho."

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi fundi alikaa wima kwenye meza ya upasuaji, koo lake limetiwa ganzi. Daktari alisimama mbele yake, si kichwani, ili waonane. Alimweleza kila hatua kabla ya kuifanya. Mrija uliingia katika jaribio la kwanza, ukapita pale penye upana wa penseli, na mashine ikaonyesha pumzi inatoka na kuingia. Ndipo alipompa dawa. Rovu lilipimwa baadaye kwenye mizani ya Sista: gramu mia nne na ishirini. Pamba zilitoka hamsini, zilirudi hamsini.

Upasuaji wa shingo una hatari moja ambayo haionekani mpaka mgonjwa aamke: mishipa ya fahamu ya sauti hupita nyuma kabisa ya rovu, na kisu kinaweza kuigusa. Kwa hiyo mrija ulipotolewa, daktari aliinama karibu.

"Sema kitu," alimwambia fundi.

Fundi alifumbua macho. Aliyatembeza polepole kutoka usoni mwa daktari kwenda kwenye koti lake.

"Kola," alisema. Sauti ilikuwa na mikwaruzo, lakini ilikuwa yake, na sasa ilikuwa nene kuliko ilivyowahi kusikika katika jengo lile. "Hata leo hujaibadilisha."

Daktari wa upasuaji alicheka ndani ya barakoa. Mama Usingizi aliandika saa kwenye karatasi ya mgonjwa, na pembeni yake, mahali pa maoni, akaandika: *Sauti ipo. Inalalamika.*

Alhamisi iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu, alikuta Sista ametundika filamu mpya ya eksirei kwa kamba kando ya mlango wa samawati. Ilikuwa ya shingo. Alikata plasta, akaandika mada na tarehe, akaibandika kwenye kona ya juu kushoto, ambapo palikuwa na nafasi kubwa.